Namna ya Kutoa Maoni Yanayosaidia Kuhusu Filamu au Tamthilia Uliyoitazama

Mtu anayeingia katika duka la kurushia muvi pale Mwanga, mjini Kigoma, akiwa na flashi yake mkononi, karibu kila mara huuliza swali lile lile: "Kaka, kuna kitu gani kizuri kimeingia?" Na karibu kila mara hujibiwa kwa maneno mawili, "Hii kali," kisha muvi inarushwa, fedha inalipwa, na mteja anaondoka bila kujua anakwenda kutazama nini. Jibu hilo halina uongo ndani yake, lakini halimsaidii. Ni kali kwa nani? Ni kali kwa sababu ya mapigano, kwa sababu ya kisa, au kwa sababu mwigizaji fulani yumo? Mama anayetafuta tamthilia ya kutazama pamoja na wanawe baada ya chakula cha usiku, na kijana anayetaka mapigano yasiyo na maneno mengi, hawawezi kuhudumiwa na neno moja.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtazamaji wa kawaida ambaye huulizwa maoni yake na ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake, na ambaye angependa jibu lake liwe na uzito. Hakuna sharti la kusomea sanaa. Kinachotakiwa ni kutazama kwa makini, kukumbuka ulichokiona, na kukisema kwa uaminifu kwa namna ambayo aliyekuuliza ataweza kuamua mwenyewe kama atumie muda wake na bando lake.

Jua kwanza umetazama toleo gani

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na nimeiweka mbele kwa sababu filamu nyingi zinapotufikia huwa zimeshapita katika mikono kadhaa. Watazamaji wengi wa kwetu wamezoea filamu zilizotafsiriwa kwa sauti ya mtu mmoja, mtindo ambao jina la Lufufu liliupa umaarufu nchini, na ambao wafasiri waliomfuata wameuendeleza. Mfasiri wa aina hii hafasiri maneno tu. Huwapa wahusika majina mapya, hueleza nia ya adui kabla haijadhihirika, hutia methali na mizaha, na pale ambapo waigizaji wamenyamaza kwa dakika nzima wakitazamana, yeye huendelea kuzungumza ili mtazamaji asichoke. Kwa hiyo ukisema kwamba filamu ya Kichina uliyoitazama kibandani kule Gungu ilikuchekesha sana, jiulize kwanza aliyekuchekesha ni mwigizaji au ni mfasiri. Wote wawili wanastahili sifa, ila kila mmoja apewe iliyo yake.

Mimi nazipenda filamu zilizotafsiriwa, kwa sababu ndizo zinazomwezesha bibi na mjukuu wake kufuata kisa kimoja bila mmoja kuachwa nyuma. Hata hivyo, ninapotaka kusema lolote kuhusu uigizaji, hutafuta toleo lenye sauti za asili na kutazama walau dakika chache. Sauti ya mwigizaji ni nusu ya kazi yake, na mtu hawezi kusifu wala kulaumu kitu ambacho kimefunikwa. Kwa tamthilia zilizoingiziwa sauti za Kiswahili na waigizaji kadhaa, hali ni tofauti kidogo: hapo kuna kundi zima la waigizaji wa sauti ambao kazi yao inaweza kupimwa yenyewe, na ni haki kusema kwamba sauti ya baba imefaa wakati ya binti imezidi umri wake.

Tamthilia za Kituruki zinahitaji uangalifu wa pekee. Nchini Uturuki sehemu moja ya tamthilia kwa kawaida hurushwa mara moja kwa wiki na huchukua takribani saa 2 au zaidi, lakini inapouzwa nje hukatwa katika vipande vya dakika 45 hivi. Hii ndiyo sababu sehemu unayoitazama wewe huweza kuisha ghafla, mtu akiwa amefungua mdomo tu, na ndiyo sababu unaweza kupita sehemu tatu mfululizo ukaona kwamba jambo moja tu ndilo lililotokea. Ukimlaumu mwandishi kwa mkato huo utakuwa umemwonea, kwa kuwa yeye hakupanga kisa chake kiishie hapo.

Taja pia mahali na chombo ulichotumia. Filamu iliyotazamwa kwenye simu ndani ya basi la kwenda Kasulu haiwezi kuhukumiwa kwa uzuri wa picha zake, na nakala iliyonaswa kwa kamera ya mkononi ndani ya ukumbi wa sinema, ambamo vichwa vya watu hupita mbele ya kioo, haikuonyeshi rangi alizokusudia mpiga picha. Sentensi moja inatosha: "Niliitazama kwenye simu, kwa hiyo picha siwezi kuzisemea, lakini kisa nilikifuata chote."

Pima kila kazi kwa mwendo wake

Watu wengi husema "inachelewa" kuhusu kila kitu ambacho hakina mapigano, na kauli hiyo imewanyima wengine kazi nzuri. Kabla ya kuitamka, fikiria kazi hiyo ilitengenezwa irushwe vipi. Tamthilia nyingi za Kikorea huwa na sehemu 16 za karibu saa moja kila moja, hivyo mwandishi anaufahamu mwisho wake tangu mwanzo, na ikifika sehemu ya 8 bila jambo kubwa kubadilika una haki ya kulalamika. Tamthilia za Kifilipino na zile za Amerika ya Kusini kwa kawaida hurushwa siku tano kwa wiki kwa miezi mingi, na mazungumzo yanayorudiwa yamewekwa kwa makusudi ili mtu aliyekosa sehemu ya jana asipotee. Ukizitazama sehemu kumi kwa siku moja kutoka kwenye flashi, lazima marudio hayo yatakuchosha, na sababu ya uchovu huo ni namna ulivyotazama. Filamu ya Kihindi ya kawaida imejengwa juu ya mapumziko ya katikati, na hivyo swali zuri la kujiuliza ni hili: jambo lililotokea kabla ya mapumziko lilikupa hamu ya kurudi kwenye kiti, na je, nusu ya pili ililipa deni la nusu ya kwanza?

Filamu zetu wenyewe zina historia inayoeleza mwendo wake. Katika miaka ya soko la diski, kisa kimoja kilizoeleka kugawanywa katika sehemu ya kwanza na sehemu ya pili zinazouzwa mbalimbali, na kisa cha kutosha diski moja kikalazimika kujaza mbili. Matokeo yake ni yale mandhari ambayo kila mtazamaji anayakumbuka: gari linakuja kutoka mbali, linapiga honi, mlinzi anafungua geti, gari linaegeshwa, mtu anashuka, anavua miwani, anaingia ndani, na ndipo anasema neno la kwanza. Kuijua sababu hii hakumaanishi kusamehe. Mtazamaji bado ana haki ya kusema kwamba dakika zake zimechezewa, lakini atasema jambo hilo kwa usahihi zaidi ikiwa anafahamu kwamba tatizo lilianzia sokoni kabla halijafika kwa mwigizaji. Na pale ambapo filamu mpya ya Kitanzania imeachana na mazoea hayo, litaje jambo hilo kwa sauti, kwa kuwa wasanii wetu wanasikia lawama nyingi kuliko sifa zinazoeleweka.

Kuhusu filamu zilizotokana na vitabu, neno moja linatosha. *Vuta N'kuvute*, filamu ya mwaka 2021 iliyoongozwa na Amil Shivji, imetokana na riwaya ya Adam Shafi inayotokea Zanzibar wakati wa utawala wa Waingereza, na aliyeisoma riwaya hiyo hushawishika kuorodhesha kila kilichoachwa. Orodha hiyo haimsaidii asiyesoma kitabu. Mwambie kwanza kama filamu inasimama yenyewe, na ulinganisho uje baadaye.

Shika tukio moja na ulieleze

Ukitaka maoni yako yaaminike, chagua tukio moja ambalo limekukaa kichwani na ulieleze kwa maneno machache, bila kugusa mwisho wa kisa. Katika tamthilia moja ya Kituruki niliyoitazama hivi karibuni, mama mkwe anawamiminia watu wote chai katika vile vibilauri vyao vidogo, akimruka bibi harusi. Hakuna anayesema kitu. Bibi harusi anaangalia meza, anasubiri birika lirudishwe mahali pake, halafu ananyanyuka, anajimiminia mwenyewe, anaweka sukari vijiko viwili na kukoroga taratibu kuliko kawaida, huku kijiko kikigonga kioo mpaka mama mkwe anageuza uso. Nikimsimulia mtu tukio hilo anaelewa mara moja kwamba ugomvi wa nyumba ile unapiganwa kwa vitendo vidogo, kwamba mwandishi anawaamini watazamaji wake, na kwamba mwigizaji wa bibi harusi anaweza kubeba hasira bila kupiga kelele. Ningetumia sifa kumi za jumla nisifikishe ujumbe huo.

Ili uweze kufanya hivi, andika usiku uleule. Mistari miwili kwenye simu inatosha: tukio lililokugusa, na mahali ulipotaka kusinzia au kuangalia saa. Ukichelewa siku mbili utakumbuka kisa na kusahau namna kilivyosimuliwa, na namna hiyo ndiyo inayotofautisha tamthilia moja na nyingine, kwa sababu visa vyenyewe, vya mapenzi yaliyokatazwa na urithi ulioporwa na mtoto aliyebadilishwa hospitalini, vinafanana mno.

Katika uigizaji, tazama zaidi anayesikiliza kuliko anayezungumza. Mwigizaji hodari huonekana pale mwenzake anapopewa maneno, kwa kuwa uso wake huendelea kufanya kazi. Yule ambaye anasubiri tu zamu yake ya kusema utamtambua haraka, na ukishamtambua huwezi tena kutomwona. Kuhusu sauti, sikiliza kama muziki unakuamuru ulie kabla ya tukio lenyewe kukugusa, na kama maneno yanasikika vizuri nyumba inapokuwa na feni na mvua juu ya bati. Mambo ya mavazi na mapambo yataje pale tu yanapoongeza au kuharibu kitu.

Tumia unachokijua kama mtu wa hapa

Hapa ndipo mtazamaji wa Kigoma ana uwezo ambao mhakiki wa mbali hana, na ningependa watu wautumie bila woga. Chukua *The African Queen*, filamu ya mwaka 1951 iliyoongozwa na John Huston, ambayo ilimpatia Humphrey Bogart tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora. Kisa chake kinahusu mashua dogo na meli ya kivita ya Wajerumani katika ziwa la Afrika ya Mashariki wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Meli iliyotoa wazo hilo tunaifahamu vizuri: ni ile iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa kwa meli na kwa reli hadi Kigoma, ikaundwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Katika filamu, meli hulipuliwa na mashujaa wa kisa. Katika historia, Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 ili isitekwe, wakiwa wameipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina ambalo wakazi wa mwambao wote wa Ziwa Tanganyika, kutoka Kigoma hadi Mpulungu, wamelitaja kwa miongo mingi.

Je, tofauti hiyo inaifanya filamu kuwa mbaya? Kwa maoni yangu, hapana. Filamu ya kubuni ina ruhusa ya kubadili matukio, nayo imefanikiwa katika lile ililokusudia, yaani kuonyesha watu wawili wasiopatana wakilazimishwa na mto kuheshimiana. Lakini mtazamaji wa hapa anaweza kuuliza swali zito zaidi: mbona katika kisa kinachotokea kwetu Waafrika wamebaki nyuma ya picha, kama kundi la kuimba kanisani na kama askari wasio na majina? Swali hilo ni sehemu halali ya maoni. Liulize kwa utulivu, ukitenganisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya: filamu imebadili nini, imeacha nini, na je, kubadili au kuacha huko kumeiharibu kama hadithi.

Kwa dokumentari kipimo kinakuwa kikali zaidi, kwa sababu yenyewe inadai kusema kweli. Mfano ulio karibu nasi ni *Jane*, inayomhusu Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, iliyotengenezwa na Brett Morgen mwaka 2017 kutokana na picha zilizopigwa Gombe na Hugo van Lawick katika miaka ya 1960. Picha zile zilikaa ghalani kwa miongo mingi, zilikuwa hazina sauti, na zilipopatikana upya zilikuwa zaidi ya saa 100. Mtazamaji makini anaweza kujenga maoni yake juu ya mambo hayo peke yake, na hivi ndivyo ambavyo mimi ningeyaandika:

"Niliitazama *Jane* nyumbani, kwenye runinga, nikiwa na wanangu, kwa sauti za asili. Picha zake ni nzuri kuliko picha zozote za Gombe nilizowahi kuona. Kijani cha mabonde na maji ya ziwa vinaonekana kana kwamba vilipigwa juzi. Msimulizi ni Jane Goodall mwenyewe, na sauti yake haina majivuno. Tukio lililonikaa ni la sokwe mama, Flo, anayewaacha watu wamkaribie mtoto wake, kwa sababu linaonyesha uvumilivu wa miaka bila mtu yeyote kulitaja neno hilo. Hata hivyo, mtazamaji aelewe kwamba sauti za msitu ziliongezwa baadaye, na kwamba zile picha za binti akitembea peke yake milimani mwanzoni mwa utafiti haziwezi kuwa za mwaka 1960 alipofika, kwa kuwa mpiga picha alifika Gombe mwaka 1962. Tena hata siku Jane alipofika hakuwa peke yake, aliongozana na mama yake. Muziki wa Philip Glass ni mzuri lakini mahali pengine unalisukuma tukio ambalo lingetosha kwa ukimya. Kinachonisikitisha ni kwamba Watanzania waliofanya kazi katika msitu ule hawapewi nafasi ya kusema. Inafaa kwa watoto waliovuka miaka kumi hivi. Wadogo zaidi wataumizwa na sehemu za ugonjwa na za sokwe wanaouana. Nitaitazama tena."

Angalia jinsi maoni hayo yalivyopangika. Yanataja toleo na mahali, yanasifu kitu kinachoweza kuonyeshwa kwa kidole, yanalaumu kwa sababu inayoweza kuchunguzwa, na yanamwambia mzazi lile analohitaji kulijua. Anayeipenda filamu hiyo kuliko mimi anaweza kubishana nami kwa hoja, kwa kuwa nimempa cha kubishania.

Unapomwambia mtu

Kabla ya kujibu, mtambue anayekuuliza. Mama mkubwa akikuuliza, "Mwanangu, ile tamthilia ya saa mbili usiku ikoje, naweza kuitazama na wajukuu?" hahitaji uchambuzi wa picha, anataka kujua kama kuna mambo ya aibu ambayo yatamlazimu ainuke na kujifanya anakwenda kuangalia jikoni. Mjibu hilo kwanza: "Shikamoo mama. Ina maneno ya ugomvi, lakini ya aibu sijayaona mpaka nilipofika." Mvuvi wa dagaa ambaye haendi ziwani siku za mbalamwezi kali na anataka kitu cha kumpitishia usiku mzima atahitaji kujua urefu, na kama sizoni zote zimeshatoka au atabaki njia panda. Rafiki wa rika lako unaweza kumpa maelezo marefu zaidi, ikiwa ana muda.

Usimharibie mtu utamu. Kanuni ninayoifuata ni kutosema jambo lolote linalotokea baada ya robo ya kwanza ya filamu, au baada ya sehemu mbili za mwanzo za tamthilia, isipokuwa kwa ruhusa ya anayeuliza. Jihadhari hata na kauli zinazoonekana salama. Ukimwambia mtu "mwisho utakushangaza" umeshamfanya akae akiusubiri mshangao, na ukimwambia "usimwamini sana yule shemeji" umemaliza kazi yote ya mwandishi. Filamu kongwe za kihistoria, ambazo mwisho wake unajulikana na watu wengi, zina uhuru zaidi.

Kwa tamthilia ambayo haijaisha, taja sehemu uliyofikia na ubakie ndani ya mpaka huo: "Nipo sehemu ya 22, na mpaka hapo kisa kinashika." Ikiwa uliiacha njiani, sema uliiachia wapi na kwa nini. Mtu aliyeacha tamthilia katika sehemu ya nne kwa sababu wahusika wote wanapiga kelele ametoa taarifa yenye manufaa kamili, mradi asidai kwamba anafahamu yanayofuata. Na ikiwa baadaye utairudia na maoni yako yakabadilika, mrudie yule uliyemwambia mwanzoni umweleze kilichobadilika, kwa sababu yawezekana bado anaahirisha kuitazama kwa neno lako.